Maiti Wangu Kaokotwa Bagamoyo Kabla Sijasema Kata

Mimi na mwenzangu tulianza kutengeneza muvi tangu enzi za kupeleka DVD Kariakoo mpaka hizi za YouTube, na tulipokorofishana tukagawana vitu kama watu waliopeana talaka, yeye kachukua taa na marafiki wote, mimi nikabaki na kamera, stendi na maiki moja isiyo na waya. Wala sikujali. Kwani kazi zake zilikuwa zipi bana? Kupeleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa, kununua maji ya kunywa, kuuliza wavuvi bahari inajaa saa ngapi. Vitu vidogo vidogo hivyo. Msanii nilikuwa mimi.

Basi muvi ya kwanza peke yangu nikaenda Bagamoyo na mwigizaji mmoja, maana hela ilikuwa ya mwigizaji mmoja. Sini yenyewe: mtu kafa, kalala ufukweni kafunikwa sanda, wavuvi wanamkuta. Wavuvi ningewatafuta siku nyingine nikishapata pesa, siku hiyo nilitaka maiti tu. Sanda nikatoa gesti tuliyolala, shuka jeupe peee, sema pembeni lina ule muhuri wa bluu wa jina la gesti, nikaukunjia chini. Na kibali cha Bodi ya Filamu ninacho kwenye begi, msije mkaniuliza, sheria ipo tangu 1976 na mimi naiheshimu.

Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbalii mpaka mashua zimelala ubavu mchangani. Nikamlaza jamaa, nikampachika maiki kifuani, nikamwambia usitikisike mpaka usikie kata, halafu nikarudi nyuma kwenye mikoko na lenzi ndefu, hedifoni masikioni, maana nilitaka aonekane kadogo, kaachwa na dunia.

Wavuvi wakatokea. Wa ukweli.

Nikasikia kwenye hedifoni, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kimya kidogo. Halafu sauti nyingine, "Sio wa huku huyu, cheki visigino vilivyo laini, wa Dar huyu."

Sasa maiti wangu si kaisoma skripti, anajua wavuvi wanakuja, kwa hiyo kichwani mwake nimewakodi kimyakimya nimsapraizi. Akafa zaidi. Mdomo ukalegea, mkono ukaanguka pembeni, aisee miaka yote niliyomjua hajawahi kuigiza vile. Na mimi nyuma ya kamera machozi yananilenga, watu wa bure, jua limekaa vizuri, mzee mmoja kavua kofia bila kuambiwa. Unakataje hapo? Nikaacha irekodi.

Upepo ukafunua pindo la shuka, kijana akasoma muhuri kwa sauti, herufi moja moja, mpaka namba ya simu. Wakamtuma na bodaboda hadi gesti. Hakukawia, karudi anahema: "Mhudumu anasema waliingia wawili, huyu na jamaa mmoja mfupi mwenye begi jeusi, wametoka na shuka alfajiri!"

Mfupi nani? Mimi?

Nikaliangalia begi langu. Jeusi.

"Huyo mfupi ndo kamuua," akasema mmoja, na wote wakaitikia kama wako bungeni. Hapo mapanga yameshatoka kwenye ngalawa, maji nayo yameanza kurudi, na kaa mmoja sijui katokea wapi kajipenyeza ndani ya shuka, naona kwenye lenzi shuka linainuka taratibu maeneo ambayo siyataji. Maiti kakaza uso. Sanaa ile jamani. Nikaona sasa huyu atazikwa kweli, nikatoka mikokoni mbio na begi langu mgongoni, nawakimbilia watu wenye mapanga huku napiga kelele "Kata! Kata! Kata!", hata sijui nilikuwa nawaza nini.

Wakageuka wote kuniangalia. Nyuma yao maiti akaketi, akavuta kaa akamtupa, akauliza, "Bosi, imekaaje hiyo?"

Sijawahi kuona watu wazima wakiingia baharini na nguo zao kwa kasi ile. Mmoja aliupita mtumbwi wake mwenyewe. Akabaki yule mzee wa kofia peke yake, kanishika ukosi, na mimi nikafungua begi nimwonyeshe kibali, nageuka nikaona stendi kule mikokoni iko ndani ya maji, nikarusha begi chini nikakimbilia kamera, begi likaelea zake na kibali ndani.

Tukaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, shuka likiwa kidhibiti mezani. Simu ikaita, mwenzangu. Picha ilishafika magrupu ya WhatsApp kwamba kuna mwili umeokotwa. "Ile miguu nikaijua," anasema, "ina deni langu la elfu ishirini. Ulipeleka barua?" Nikakata simu.

Mwenyekiti akasema tuonyeshe basi hiyo picha yenyewe. Wakajazana kwenye kioo cha kamera, wavuvi bado wanachuruzika maji, wanacheka kila mtu anapojiona. Mzee wa kofia hakucheka. Alirudisha nyuma, akaangalia tena, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa anapumua," akasema. "Na wewe Juma ulilia kidogo sana. Kesho maji yanakupwa saa sita, mnarudia. Mimi nitakaa upande huu. Halafu posho yetu shilingi ngapi?"

Maiti wangu akaninong'oneza, "Bosi, kwani dairekta sasa ni nani?"

Mhudumu wa gesti akadai elfu kumi na tano za shuka.