Msiutupe Mpini wa Jambia la Babu

Msimu wa harusi ukikaribia, majambia ya Mji wa Kale, Mombasa, hutolewa masandukuni. Bwana harusi anataka kupendeza, na joho la nakshi halipatani na mpini uliopasuka. Jambia hupelekwa kwa fundi, likirudi lina mpini mpya unaong'aa, ule wa zamani haujulikani uliko. Jambo hili linaniuma sana.

Ubapa hushinda ndani ya ala. Mpini ndio ulioshikwa na babu, na ndio sonara alioupigia vijisumari vya fedha. Uangalie juani mpini mkongwe wa kipusa: kingo zimelika, mwanga unapenya kwa rangi ya asali, na nyuzinyuzi zinaonekana ndani, kwani pembe ya kifaru si mfupa, ni jamaa ya kucha na nywele. Msasa hauleti rangi ile.

Wala usitafute kipusa kipya. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000; mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400, na mipini ya majambia ya Yemen ilichangia balaa hilo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuweka nyara, yaani kiungo cha mnyamapori kama pembe hiyo, bila kibali, hata ya urithi. Aliye nayo aanze KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, fundi baadaye.

Mara nyingi mpini haujafa, umelegea tu. Msuka, ule mkia wa ubapa unaoingia mpinini, hushikizwa ndani kwa utomvu, nao ukizeeka hugeuka unga, jambia likacheza mkononi. Fundi mjuzi hukwangua unga ule, akajaza utomvu mpya kwa moto mdogo. Kwa ufa mwembamba, nta hutosha. Gundi ya epoksi siitaki kabisa: fundi wa kesho hataitoa bila kuvunja.

Wakusanyaji wa bastola za kale Marekani wamenifunza kitu. Baadhi ya Colt za karne ya 19 zina nambari iliyoandikwa kwa penseli ndani ya mbao ya mpini. Hufungua wakailinganisha na ya chuma. Mbao ikiwa ya kubandikwa juzi, thamani huporomoka.

Kama mpini umekwisha kweli, weka wa mpingo au pembe ya ng'ombe. Lakini patana na fundi mapema akurudishie vipande vyote vya zamani, hadi kijisumari cha mwisho cha fedha. Akikataa, chukua jambia lako utafute mwingine.