Ndege wa uani nao wahesabiwe Nakuru

Tangu nihamie Leeds, jambo la Waingereza ninalolitamani zaidi nyumbani Nakuru si treni zao wala hospitali zao, bali ni desturi ya kuhesabu ndege wa uani. Kila mwisho wa Januari, shirika la kuhifadhi ndege la RSPB huwaomba wananchi watenge saa moja na kuandika ndege wanaotua bustanini mwao. Zoezi hilo lilianza mwaka 1979 likiwalenga watoto, na siku hizi hushirikisha zaidi ya watu laki tano.

Kinachonivutia ni wepesi wa masharti. Ndege anayepita tu angani haandikwi, na kwa kila aina huandikwa idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa wakati mmoja, wala si jumla ya waliokuja na kuondoka, kwa kuwa shomoro mmoja akirudi mara kumi atahesabiwa kama kumi. Kwa kanuni hiyo, mstaafu, mtoto wa shule na mgeni kama mimi tunaleta takwimu zinazoweza kulinganishwa mwaka hadi mwaka. Ndivyo ilivyobainika kwamba shomoro, ingawa bado anaongoza orodha, amepungua kwa zaidi ya nusu tangu hesabu zianze.

Sisemi kwamba kwetu hakuhesabiwi. Ndege wa maji wa Ziwa Nakuru wamekuwa wakihesabiwa kila Januari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi inayoratibiwa na Makumbusho ya Taifa kwa msaada wa watu wa kujitolea. Ndiyo maana maji yalipopanda, magadi yakazimuka na heroe (flamingo) wengi wakahama, tulikuwa na tarakimu mkononi na si manung'uniko ya waongoza watalii peke yake. Upo pia mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, ambao umeigawa nchi katika miraba yenye upande wa takriban kilomita tisa. Nauheshimu, ila unamtaka mshiriki autafiti mraba wake kwa saa mbili au zaidi na kuorodhesha kila aina anayoitambua, na hiyo ni kazi ya mjuzi mwenye darubini. Mama mwenye shamba Njoro, anayejua ni ndege gani huvamia mtama na mbayuwayu hufika lini, hana mlango wa kuingilia.

Hasara ya kumwacha nje mtu kama huyo ilionekana kule Kisumu mapema mwaka 2023, wakati kwelea kwelea walipovamia mashamba ya mpunga na serikali ikanyunyiza fenthion, sumu ambayo haichagui ndege wa kuua. Wakulima walikuwa na haki ya kulinda mpunga wao. Lakini aliyetaka kujua kama mnana na njiwa wa vijiji jirani walipungua baada ya hapo angehitaji hesabu za miaka iliyotangulia, zilizoandikwa na wenye maboma wenyewe.

Yapo mambo ya Uingereza nisiyotaka tuyaige. Huku watu hutundika vyombo vya mbegu, na vikikaa bila kusafishwa hueneza ugonjwa uliowapunguza sana ndege wengine wa bustani. Ndege chozi wa Kiamunyi, mtaa wa kwetu Nakuru, anahitaji maua na kwarara anahitaji nyasi za kudonoa wadudu. Hao hawangoji kuwekewa chakula. Wala sipendekezi mtu azunguke mtaani na darubini, kwa kuwa kwetu anayechungulia boma la mwenzake huku akiandika daftarini hudhaniwa kuwa mpimaji wa ardhi, na pengine atatolewa mbwa.

Kila mtu na ahesabu uani kwake asubuhi, kwa muda wa saa moja, mwezi uleule wa Januari ndege wa ziwani wanapohesabiwa. Shule za msingi zinaweza kuanza kwa karatasi yenye picha za ndege ishirini wa kawaida, pamoja na safu moja ya wale ambao mwanafunzi hakuwatambua, ili asilazimike kubahatisha.