Beki asiyefunga: Dinart angepata namba Moshi?

Kila timu za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, zinapoundwa Kilimanjaro na Arusha, mwalimu wa mpira wa mikono hukutana na kijana wa aina hii: mrefu, mzito kidogo, hafungi, lakini akisimama katikati ya ulinzi hapitiki. Je, afundishwe kuzuia tu, au alazimishwe kushambulia pia?

Wanaosema azuie tu wana mfano mzito: Didier Dinart, Mfaransa aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1977. Akiwa na Ufaransa alitwaa dhahabu ya Olimpiki 2008 na 2012, na ubingwa wa dunia 2001, 2009 na 2011. Yote hayo aliyapata ingawa timu iliposhambulia, mara nyingi yeye alikwenda benchi kumpisha mwingine. Kanuni zinaruhusu: unabadilisha wachezaji wakati wowote, bila kumwomba mwamuzi, mradi anayetoka awe ameshatoka.

Kazi yake inastahili kutazamwa kwa makini. Mpigaji alipokaribia, Dinart alitoka hatua moja au mbili mbele ya mstari wa mita 6 unaozunguka goli, kifua mbele, mkono mmoja kwenye mkono wa kurushia, mwingine kiunoni mwa mpinzani, kisha akarudi haraka kwenye safu kabla pivoti, mshambuliaji anayesimama katikati ya walinzi, hajapata upenyo. Nyuma yake golikipa Thierry Omeyer alibaki na upande mmoja tu wa kulinda. Ukisoma matokeo, Omeyer ndiye aliyedaka. Nusu ya kudaka huko ilikuwa ya Dinart, lakini kwenye matokeo hayo haionekani. Hili linaniuma, kwa sababu kwenye viwanja vyetu vya vumbi, vilivyochorwa mistari kwa chokaa, mambo ni yale yale: kijana anazuia mechi nzima, halafu anayeitwa timu ya mkoa ni aliyefunga.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Mpira wa siku hizi una kasi. Mkifunga, wapinzani wanaanzisha katikati papo hapo, na beki wenu bado anakimbia kutoka benchi. Mkipoteza mpira, ndiyo kabisa. Tena Montpellier na Ciudad Real, klabu alizochezea Dinart, zilikuwa na uwezo wa kumlipa mtu afanye nusu ya kazi. Timu ya shule ina watoto wachache waliofundishwa. Mmoja akiugua malaria, au akipewa adhabu ya kukaa nje dakika 2, huyo beki itabidi ashambulie, apende asipende. Na mtoto wa miaka 15 bado anakua. Ukimfungia kwenye ulinzi leo, umeshaamua mwili wake utakuwaje kesho.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kumfundisha yote mpaka amalize sekondari. Lakini ulinzi usiwe adhabu ya wasiojua kufunga. Upewe saa yake ya mazoezi, na anayeandika magoli aandike pia mipira iliyozuiwa, ili walimu wa mkoa wawe na cha kusoma wanapochagua. Wanaomtaja Dinart kama mtu wa kuzuia tu wakumbuke pia kwamba mwaka 2017 aliipa Ufaransa ubingwa wa dunia akiwa kocha, kazi inayodai kuelewa ulinzi na mashambulizi yote mawili.