Mikopo ya asilimia 10: fedha zimerudi, kalenda ni ileile

Mikopo ya halmashauri kwa vijana wa Tanzania imezua ubishi mrefu kuhusu nani ashike fedha: ofisi ya maendeleo ya jamii au benki? Swali hilo lina uzito wake, lakini limefunika jingine linaloua vikundi vingi zaidi, yaani fedha zinafika lini, na bidhaa itanunuliwa na nani.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za awali zilitaka kikundi cha vijana kiwe na watu 10. Baadaye idadi ikashushwa hadi watano. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, na mwaka 2024 ikaurejesha kwa njia mbili: halmashauri 10 za majaribio zipitie benki, nyingine 174 ziendelee zenyewe kwa usimamizi uliokazwa.

Wanaotaka benki wana hoja nzito. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hakusomea kukopesha. Ana kesi za ndoa, lishe, kaya maskini na mikutano ya kijiji, halafu anatakiwa afuatilie marejesho ya vikundi 20, mara nyingi bila mafuta ya pikipiki. Diwani naye anataka vikundi vya kata yake vipate. Mkopaji akishaamini kuwa hizo ni hela za serikali, kurejesha kunageuka hiari.

Wanaotetea halmashauri nao hawakosei. Kijana wa Itilima, wilaya ya mkoa wa Simiyu, hana hati ya nyumba wala historia ya miamala, na benki iliyozoea dhamana itampendelea mwenye duka tayari. Ofisi ya kata inamfahamu, inajua kwao na shughuli yake. Ikiondolewa, anayebaki nje ni yule yule aliyekusudiwa.

Hata hivyo, chukua kikundi cha watano kilichoomba fedha za kufuga kuku wa nyama 500, mradi unaojaza mafaili ya maombi. Banda linahitaji takriban mita 50 za mraba, kuku 10 kwa mita moja. Wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ishike nyuzi joto 32 hadi 34. Umeme ukikatika usiku na jiko la mkaa halipo karibu, vifaranga hurundikana na kufa kwa kukandamizana. Chanjo ya kideri ni siku ya 7 na ya 21, na ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, siku ya 14. Chakula ni kilo 3 hadi 3.5 kwa kuku mmoja mpaka wiki ya tano, yaani mifuko 30 hadi 35 ya kilo 50, na ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama zote.

Sasa tuseme mkopo umekatwa nusu ili fedha zitoshe vikundi vingi, jambo la kawaida. Kikundi kinajenga banda, kinanunua vifaranga, na chakula kinaisha wiki ya tatu. Wanaanza kuchanganya pumba, kuku wanadumaa. Au fedha zote zinatoka, lakini Januari badala ya Oktoba, wakati msimu wa sikukuu umepita. Kuku 500 wa wiki tano wanakula mfuko mmoja na nusu kwa siku. Mnunuzi akichelewa juma moja, mifuko 10 imekwenda, karibu theluthi ya chakula cha mzunguko mzima, na faida imeondoka nayo. Hapo benki au halmashauri, matokeo ni yale yale. Kuwapa vikundi 10 mkopo kamili ni bora kuliko kuwapa 20 nusu nusu, ingawa diwani atapata shida kulieleza hilo mkutanoni.

Kenya ilichagua njia tofauti kabisa. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 30, 2022, kwa mkopo wake wa mtu binafsi humkopesha mtu mmoja kwa simu, shilingi 500 hadi 50,000 za Kenya, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe ndani ya siku 14. Kwa mkopo huo hakuna kikundi cha kuungaunga watu wasiojuana ili fomu ijae, na hilo ni jema. Kwa mama mboga anayezungusha mtaji kila siku, siku 14 zinatosha. Kwa kifaranga hazitoshi.

Ndiyo maana tunaona dawa iko kwenye soko, na halmashauri yenyewe ni soko. Sheria ya ununuzi ya Tanzania inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na maombi hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Lakini mikopo iko ofisi moja, ununuzi ofisi nyingine, na mara chache hukaa meza moja. Kikundi cha mafundi wa kuchomelea kinapewa mkopo wa mashine, huku madawati ya shule za kata hiyo hiyo yakiagizwa kwa mkandarasi wa mjini.

Pingamizi lipo, na halipaswi kupuuzwa. Kwanza ni ubora: fundi anayebana gharama hununua paipu za mraba nyembamba zenye unene wa milimita 1, moto unazitoboa wakati wa kuchomelea, na miguu inakatika kabla muhula haujaisha. Kipimo cha milimita 1.5 kiandikwe kwenye zabuni, na mkaguzi apokee dawati moja la mfano kabla ya mengine kuundwa. Pili, halmashauri huchelewesha malipo. Kikundi kikikaa miezi minne kikidai, mtaji umekwama na rejesho limepita tarehe. Mkopeshaji ndiye aliyemfilisi mkopaji wake. Basi deni likatwe juu kwa juu kwenye malipo ya zabuni, na siku za rejesho zisihesabiwe wakati hati ya madai iko mezani kwa mhasibu. Tatu, zabuni ya madawati 300 humshinda fundi mwenye mashine moja. Igawanywe kwa mafungu ya 50, kila fungu lilipwe linapopokelewa, kisha ndipo lifuatalo lianze.