Mchoro Haujakauka, Kesi Imeshaiva

Anayechora watu ana raha yake. Anamwambia mtu kaa hapo, usitingishike, inua kidevu kidogo, na mtu anakaa. Akichoka anapewa soda. Mimi mwenzenu nachora mandhari. Haya, nendeni mkauambie Mlima Kilimanjaro usitingishike.

Mtasema mlima hautembei. Njooni Moshi mkae na turubai siku nne, halafu tuongee. Mlima wa mita 5,895, Wakenya wanauona kutoka Amboseli bila hata kuomba, lakini mimi niliyezaliwa miguuni pake, nikifungua tu kopo la rangi umeshajifunika shuka. Ratiba yake naijua kama ya daladala. Unajitokeza alfajiri hadi saa mbili kasoro, kisha mawingu yanapanda kutoka msituni na kuufunika mpaka jioni, ukijisikia. Hapo katikati, anayesema anachora Kilimanjaro anachora kijivu.

Kwa hiyo naamka saa kumi usiku. Mke wangu hulalamika kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha watoto lakini anataka majirani wasikie: "Wanaume wanaoamka saa hii wanakwenda kufuata mzigo. Wewe unakwenda kutazama."

Ni kweli, nakwenda kutazama. Na kutazama kwenyewe ni mbio. Saa kumi na mbili na robo, barafu ya Kibo, kilele kikubwa cha mlima, ina rangi ya fizi za mtoto mchanga. Nachukua nyeupe, naweka nyekundu kidogo, njano ya kuonja tu, nakoroga, naipata! Nanyanyua kichwa, barafu imeshakuwa ya dhahabu. Nakoroga dhahabu. Nanyanyua kichwa, imekuwa nyeupe. Nyeupe ninayo tayari kwenye kopo, haihitaji kukorogwa, nachovya brashi kwa furaha, nanyanyua kichwa: wingu. Monet, yule Mfaransa, alipokuwa akichora malundo ya ngano mwaka 1890, alikuwa na turubai kadhaa. Mwanga ukibadilika anaiweka hii chini anachukua nyingine. Mimi nina turubai moja, kitambaa cha marekani nilichokipaka rangi ya ukutani kwa mkono wangu, na ukutani kwangu bado hakujapakwa.

Mawenzi, kilele cha pili, angalau ana adabu. Wazee wanasimulia kwamba alikuwa mvivu, moto ukizimika anakwenda kuomba kwa Kibo, Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana amechongoka vile. Mtu aliyetwangwa ni rahisi kumchora. Ukikosea mstari, unasema hapo ndipo mchi ulipopita.

Sitaki hata kuanza na habari ya kijani, lakini nitaanza. Kijani cha kopo ukikipaka kwenye kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa, kihamba kinatoka kama kiti cha plastiki. Jani la mgomba likipigwa na jua kwa nyuma linakuwa karibu na njano, la kivulini limekaribia weusi, na lile lililochanwa na upepo lina rangi zote mbili kwa zamu. Chini yake kuna kahawa, jani zito linalong'aa kama limepakwa mafuta. Chini ya kahawa kuna magimbi. Basi unachanganya njano na bluu, unatia chembe ya nyekundu kuua ukali, unarudia mara ishirini, na bado msitu wa kule mbali haujaufikia. Ule nao kwa umbali unaonekana bluu. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini msitu wangu wa bluu. Nikamshika bega, nikamwonyesha: tazama mwenyewe. Akatazama sana. Akasema, "Hapana, miti ni ya kijani."

Na hao wateja, mmoja anataka barafu ijae kama ya kalenda. Namweleza kwamba tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlimani imekwisha, mimi nachora iliyobaki. Ananiangalia kama nimeikata kwa kubana matumizi. Mmisionari Rebmann alipouona mlima mwaka 1848 akaandika kwamba karibu na Ikweta kuna theluji, kuna msomi Uingereza aliyebisha wala hajawahi kufika. Yeye alibishiwa kwa kuona theluji, mimi nabishiwa kwa kutoiona. Mwingine akataka niongeze twiga. Twiga, Kibosho! Angekula migomba ya watu, tukaishia kwenye kesi.

Nimetaja kesi. Ngoja niwaeleze.

Mwezi huu wa Novemba nilipata mahali pazuri huko juu Kibosho, kando ya njia. Kihamba mbele, mgomba mmoja umebeba mkungu mzito, Kibo nyuma. Nikasimamisha stendi yangu ya miguu mitatu. Nikanyoosha mkono na penseli, nikafumba jicho moja, nikaanza kupima urefu wa mgomba kwa dole gumba. Mchoraji yeyote anafanya hivyo. Lakini nani mwingine anasimama kando ya shamba la mtu na chombo cha miguu mitatu, jicho moja kafumba?

"Wewe! Unapima nini?"

Nikageuka. Meku, ndivyo tunavyomwita mzee, kofia ya sufu, koti, panga mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza unapima nini. Nani amekutuma?"

"Sipimi mzee, nachora."

"Ndiyo hivyo hivyo. Kwanza wanachora, halafu wanapima, halafu wanaleta karatasi."

Nikamwonyesha turubai. Akaizunguka taratibu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza mbona mgomba wake mdogo kuliko mlima. Nikasema ndivyo ilivyo. Akasema huo mgomba ameupanda mwenyewe, mlima ameukuta. Nikaukuza mgomba kidogo. Akakaa juu ya jiwe, panga mapajani, akanisimamia kama fundi.

Kesho yake nikarudi, mkungu haupo. Umekatwa. Nimeshachora nusu ya vidole vyake, mwenyewe anakula. Nikamuuliza, akanijibu vizuri tu: "Ulisema unachora. Hukusema nisile."

Sasa nisikilizeni hapa. Mkungu ulipoondoka, mchoro uliegemea kulia. Kushoto palibaki patupu, jicho likifika pale linateleza linatoka nje ya fremu. Kwa mbali kulia, mwisho wa kihamba, palikuwa na kichaka cha masale. Majani membamba, marefu, mazuri. Nikayahamishia kushoto. Mistari sita ya brashi namba mbili, haikuchukua hata dakika tano. Mchoro ukatulia, ukapumua, nikajisifu kimoyomoyo.

Ninyi wa mbali huenda hamjui. Isale kwa Mchaga si ua. Likipandwa, hapo ndipo mpaka wa kihamba ulipo, na kulihamisha ni jambo la watu kukaa kikao.

Meku akaja, akatazama. Akasogea karibu zaidi. Akavua kofia.

"Yesu na Maria! Hata mgeni ameona!"

"Ameona nini mzee?"

"Yalipokuwa! Hapo ndipo marehemu baba aliyapanda. Yule mama wa ng'ambo ya mpaka ameyasogeza."

Nikaanza kumweleza habari ya uwiano, kwamba jicho linahitaji mahali pa kupumzika upande wa kushoto. Akasema naam, hata jicho la baba yake lilipumzika hapo hapo. Akaondoka mbio kwa umri ule, na baada ya robo saa akarudi na ndugu watatu, kila mmoja akaweka kidole kwenye masale yangu mabichi. Nikayachora upya mara tatu, na nina hakika kila mara yalizidi kusogea.

Jioni akaja mama wa ng'ambo. Huyu hakuwa na panga, alikuwa na maneno. "Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Niambie tu amekupa shilingi ngapi." Nikamwapia sijapewa hata ndizi, na ndizi yenyewe imeliwa mbele yangu. Akapiga picha mchoro kwa simu, akanipiga na mimi nikiwa nimeshika brashi. Ushahidi.

Nikarudi nyumbani na turubai, nikaiegemeza barazani chini ya taa ikauke. Rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja, achilia mbali Novemba. Usiku mvua ikapiga, ikakatika, wakatoka kumbikumbi. Asubuhi anga yangu yote ya Kibo ina mbawa. Mchoraji Van Gogh, panzi aliwahi kunasa kwenye mchoro wake wa mizeituni, wataalamu wa makumbusho kule Kansas City wakamgundua mwaka 2017 wakafurahi sana. Mimi aliyegundua ni mwanangu wa mwisho, akawala wawili kabla sijamdaka.

Nikiwa nawabandua kwa kibano cha nyusi cha mama watoto, simu ikaita. Mwenyekiti wa kitongoji. Jumatatu saa tatu, meku na ukoo wake watakuwepo, mama na ukoo wake watakuwepo, nami nifike na mchoro.

Nikamuuliza mke wangu nifanyeje. Akasema yarudishe kulia, si rangi tu? Hajui anachosema. Nikiyarudisha kulia mchoro unalala upande mmoja kama basi lililobeba magunia vibaya. Nikiyaacha kushoto, mama wa watu anapoteza hatua nne na mparachichi.

Nikampigia mwenyekiti, nikamwomba anipe wiki moja zaidi, kitu chenyewe bado kinanata.

"Njoo nacho hivyo hivyo," akasema. "Na brashi acha nyumbani."