Mvumo wa spika haukuletwa na tarakimu

Usiku mmoja hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa nikisikiliza taarabu kwa sauti ya chini, na kila wimbo ulipokwisha spika zilibaki zikivuma kama mzinga wa nyuki. Juu ya mvumo huo kulikuwa na mlio mwembamba uliobadilika kila niliposogeza mausi. Nilipochomoa chaja ya laptopu vyote viwili vilinyamaza, ingawa waya wa USB uendao kwenye DAC, kile kifaa kinachogeuza tarakimu za kompyuta kuwa mawimbi ya sauti kwa ajili ya amplifaya, sikuugusa.

Tangu hapo wauzaji wa nyaya za USB zilizopakwa dhahabu, wanaodai kuwa husafisha sauti, hawanipati. Tarakimu hazichujuki njiani, na DAC nyingi za siku hizi hupokea data kwa kufuata saa yao wenyewe, si ya kompyuta. Matata yako kwa abiria wengine. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyaya nne ndani yake, mbili za data, moja ya volti 5 na moja ya graundi, na hiyo ya mwisho huiunga kompyuta na amplifaya kupitia DAC. Chaja ikivujisha mkondo, hata mdogo sana, mkondo huo hupita kwenye graundi hadi upande wa sauti, na umeme wetu wa hezi 50 husikika waziwazi, mara nyingi ukifuatana na hezi 100 na zaidi.

Kwa maoni yangu, basi, fedha itumike kuikata njia hiyo. Mimi napendelea waya wa mwanga, ule wa Toslink ambao Toshiba waliuanzisha mwaka 1983, kwa kuwa ndani yake hamna shaba na umeme hauna pa kupita. Wengine huulaumu kwa kuishia kilohezi 96, yaani sampuli 96,000 za sauti kwa sekunde, kwenye vifaa vingi. Muziki wa CD ni kilohezi 44.1, kwa hiyo mimi sioni hasara. Kitenganishi cha USB, kinachopitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili, nacho hufaa, ila kiulizwe kasi yake kabla ya kulipiwa. Changu cha kwanza kilikuwa cha megabiti 12 kwa sekunde, DAC yangu ikidai 480, na kompyuta haikuitambua kabisa.

Lipo pia shauri la kukata pini ya ethi ya plagi, ile inayopeleka umeme uliovuja ardhini, ambalo nimelisikia hata kwa mafundi. Mvumo unaweza kwisha kweli, lakini hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya, boksi lake la chuma hubaki na volti 230 zikimsubiri wa kuligusa. Kwangu kasoro ilikuwa kinyume chake. Mfuniko wa laptopu ulikuwa ukiniwasha vidole kila ilipokuwa kwenye chaji, na fundi umeme alipoifungua soketi ya ukutani alikuta nyaya mbili tu, wa ethi haumo. Tundu la tatu lilikuwa pambo.