Vita vya Tanga tuanze na bunduki, nyuki wafuate

Ukitaja vita vya Tanga vya Novemba 1914, kati ya Wajerumani na Waingereza, mtu atakutajia nyuki kabla hujamaliza kusema. Nyuki walikuwepo kweli, na waliuma pande zote mbili. Lakini simulizi ikiishia kwenye mzinga wa nyuki, bunduki iliyokuwa mikononi mwa askari inasahaulika, na bila hiyo vita vile havieleweki.

Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walishika Mauser, bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871, silaha iliyokwisha kuwa na miaka 43. Lugha yetu inatuonyesha ilipokaa katika ukoo wa bunduki: kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, kisha gobore la fataki. Mauser 71 ikaweka fataki, baruti na risasi ndani ya ganda moja la shaba, hakuna tena kushindilia baruti mtutuni kwa mdeki.

Ila inachukua risasi moja tu. Unaitia kwa mkono, unafunga komeo, unafyatua, unafungua. Na hapa ndipo penye tabu: ina ndoano ya kulivuta ganda kutoka mtutuni, lakini haina kidude cha kulirusha nje. Askari alilazimika kuilaza bunduki ubavu ganda lidondoke, ndipo atie risasi nyingine. Hebu mfikirie akifanya hivyo kalala kifudifudi, na ng'ambo ya pili kuna Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, yenye risasi 10 tumboni.

Halafu moshi. Mauser 71 ilitumia baruti nyeusi, na zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hiyo haigeuki hewa. Inabaki masizi na moshi mzito mweupe. Ukifyatua mara moja tu, adui kajua ulipo. Masizi nayo hunyonya unyevu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani, mtutu usiposafishwa mapema kwa maji ya moto, ukakaushwa na kupakwa mafuta, kutu haikawii.

Kilichoiokoa Mauser ni mahali. Mashamba ya minazi na mpira yalifanya watu wakutane kwa karibu, na risasi ya milimita 11, yenye gramu 25 za madini ya risasi matupu, ilikuwa na uzito wa karibu mara mbili ya ile ya Lee-Enfield. Waingereza walipoondoka waliacha bunduki 455, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa la Tanga: askari wa bunduki ya moshi kupata silaha mpya kutoka kwa adui yake. Wanaotembeza wageni Ras Kasone, pale Tanga, waanze na hilo.

Kama nyumbani kuna bunduki ya babu, usivute komeo wala kifyatulio kuijaribu. Baruti ya zamani bado huwaka. Ripoti polisi. Na tafadhali, msasa usiiguse. Namba zilizogongwa kwenye mtutu na komeo ndizo zinazoeleza kama vipande hivyo vilizaliwa pamoja au viliunganishwa baadaye kutoka bunduki mbili. Kutu ya juu ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, taratibu, ukiishia pale namba zinapoanza kusomeka.